Naomba ushauri: fomu W-4 ya kazi mpya wakati mke naye anafanya kazi

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Jumatatu ninaanza kazi ya ghalani hapa Columbus, Ohio, na nimepewa fomu W-4 (inayomwelekeza mwajiri akate kodi ya mapato kiasi gani kwenye mshahara) niirudishe ikiwa imejazwa. Mara ya mwisho kuijaza ilikuwa mwaka 2018, tulipokuwa bado tunaandika idadi ya nafuu za kodi. Tangu 2020 idadi hiyo imeondolewa, na sasa kuna hatua tano, ambapo ya pili ndiyo inayonisumbua.

Mimi na mke wangu tunawasilisha ritani ya kodi (taarifa ya mapato ya mwaka) kwa pamoja, na mishahara yetu inakaribiana. Mwaka jana hakuna kati yetu aliyekuwa ameweka alama kwenye kisanduku cha 2(c) cha hatua hiyo ya pili, kinachoonyesha kwamba wanandoa wana kazi mbili kwa jumla ili kodi ikatwe zaidi, hivyo mwezi wa Aprili tukajikuta tunadaiwa dola 1,340, fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya ada ya mdogo wangu Morogoro. Iliniuma sana.

Je, nikiweka alama hiyo, ni lazima mke wangu naye ajaze fomu mpya kazini kwake, au inatosha mimi kuandika makato ya ziada kwenye 4(c)? Watoto wetu wawili, wote chini ya miaka 17, naelewa kwamba huandikwa kwenye fomu ya mwenye mshahara mkubwa pekee. Aliyewahi kufanya hivyo naomba anithibitishie kabla ya Jumatatu.