1/2 + 1/3 = 2/5, na darasa zima "ndiyooo!"

Mwl_Darasa5: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano, watoto 74. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia "ndiyooo!" Nikikusanya madaftari, zaidi ya nusu wameandika 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (za chini). Somo nimelirudia mara tatu. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwetu ni kusaini mahudhurio na kunywa chai tu. Nifanyeje?

Mstaafu: Mwanangu, hilo "mmeelewa" liache. Andika 2/5 yao ubaoni, usiifute. Kila wawili wakate ukanda wa karatasi wa sentimita 30, urefu wa rula. Nusu ni 15, theluthi ni 10. Halafu wapime 2/5: ni 12! Wameongeza kitu kikapungua. Hapo funga mdomo, waachie wabishane. Mwalimu mkuu akichungulia dirishani kwa zile kelele, mwache achungulie.

MwalimuWaKaunti: Huku Kenya tulikuwa na SMASSE, mradi na Wajapani wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, ulioanza 1998. Kilichonifaa mimi ni kutazamana darasani. Mwite mwenzako akae nyuma, lakini aangalie madaftari ya watoto, si wewe unavyoshika chaki. Chai mnywe mkizungumzia alichokiona.

Mwl_Darasa5: Mzee, shikamoo. Nimejaribu leo. Binti mmoja wa nyuma, tangu Januari hajanyoosha mkono, kasimama: "Mwalimu, 15 na 10 ni 25. Sasa hizi 13 zimeenda wapi?" Kengele ikalia, hakuna aliyetoka.