Soketi juu ya hita: mkaguzi kanikatalia

Habarini ndugu zangu wa Marekani,

Baridi haijaanza vizuri, mimi nimeshachoka. Chumba cha watoto kilikuwa hakina hita, nikamwita mtu akanifungia moja ya umeme, zile ndefu zinazokaa chini kando ya ukuta. Futi 8, chini ya dirisha. Jana mkaguzi kaja. Hakugusa hata waya. Alisimama mlangoni, akaitazama soketi iliyo juu ya hita, akaandika kwenye karatasi yake, basi, nimefeli. Nikamwambia soketi hiyo niliikuta, nyumba ni ya zamani. Akasema soketi haina kosa, kosa ni hita kukaa chini yake. Niiondoe soketi, je? Akasema nikiiondoa ukuta utabaki mtupu na nitafeli tena. Sasa nifanyeje? Aliyeifunga hapokei simu.

Dada yenu

---

Dada yangu, pole. Mkaguzi hajakuonea, ila angekueleza vizuri.

Ukizisoma kanuni za umeme za huku, NEC, zinazotolewa na NFPA, shirika la kinga ya moto, na kurekebishwa kila miaka 3, hukuti mstari unaosema moja kwa moja kwamba ni marufuku kuwa na soketi juu ya hita. Watu hubishana na mkaguzi kwa sababu hiyo, na hushindwa. Kifungu 110.3(B) kinataka kifaa kifungwe kama maelekezo yake yanavyosema. Sasa kitafute kile kijitabu kilichokuja na hita, kama fundi wako hakukitupa pamoja na boksi. Humo ndimo kwa kawaida huandikwa kwamba isifungwe chini ya soketi, na kwa kifungu hicho neno la kiwandani linakuwa sheria. Kwenye kifungu cha soketi za nyumbani, 210.52, wameweka hata dokezo la kulikumbusha jambo hilo.

Tatizo lenyewe si soketi, ni waya unaoning'inia. Hita ya futi 8 kwa kawaida inakula wati 2,000 hivi, na hewa yake ya moto inapanda palepale waya unapopita. Waya wa taa ya kawaida umevikwa plastiki inayohimili nyuzi joto 60 za Selsiasi tu. Niliwahi kuushika mmoja uliolalia hita misimu kadhaa. Karibu na plagi ulikuwa laini, katikati umegeuka kahawia na kukakamaa kama mrija uliokauka. Nilipoukunja ganda likapasuka, shaba ikatokeza. Na taa ilikuwa inawaka vizuri tu.

Kuhusu kuiondoa: kwenye vyumba vya kukaa na vya kulala, hakuna sehemu ya ukuta inayotakiwa kuwa zaidi ya futi 6 kutoka kwenye soketi, ili taa ifike bila ekstensheni. Hata kipande cha ukuta cha futi 2 kinahesabika. Lakini kipimo hicho hakiishii kwenye kona, kinapinda na ukuta mpaka kikute mlango. Kwa hiyo nipe vipimo. Ukuta wenye dirisha ni futi ngapi, na soketi za jirani ziko wapi?

Fundi

---

Asante kaka. Ukuta ni futi 11. Ukuta wa kulia una soketi futi 3 kutoka kona, wa kushoto ipo futi 4. Nasikia kuna hita zinazokuja na soketi zake, nibadilishe?

---

Una bahati. Isogezwe hita hadi kulia, zibaki futi 3 kushoto. Soketi ihamie hapo, futi 2 na nusu kutoka kona ya kushoto. Kutoka hapo hadi kona ya kulia ni futi 8 na nusu, ongeza 3 za ukuta wa pili, jumla 11 na nusu. Katikati yake hupiti futi 6 kwenda upande wowote. Kushoto huna shida.

Hita zenye soketi ya kiwandani zipo na soketi hiyo inahesabika, ila isiunganishwe na saketi ya hita. Hita kama yako mara nyingi ni volti 240, soketi za ukutani 120. Sisi tuliozoea volti moja nyumba nzima hapo ndipo tunapoteleza.

Mawili ya kumwambia fundi mpya. Boksi la zamani likibaki na maungio ya waya ndani, asilipige plasta, aweke kifuniko kisicho na matundu. Na kwa kuwa ni chumba cha kulala, akirefusha waya zaidi ya futi 6 atadaiwa kinga ya AFCI, ile inayokata umeme ikihisi cheche.

Fundi

---

Samahani kwa kudandia mada. Mimi ni mpangaji, soketi pekee ya upande wa kitanda iko juu ya hita hizohizo. Mwenye nyumba anasema imekuwa hivyo tangu ijengwe.

---

Ndugu, huenda ni kweli. Kanuni mpya kwa kawaida hazilazimishi nyumba ya zamani kubomolewa. Ila kwanza angalia hita, je, nayo ni ya zamani kama nyumba? Kama ilibadilishwa juzijuzi, maelekezo yake ndiyo yanayofuatwa. Piga picha, mwandikie, usiishie kwa maneno. Kwa sasa chomoa kila kitu hapo msimu wa baridi. Na tafadhali usije na wazo la kuizima ukatumia hita ya kuchomeka kwenye ekstensheni. Ile ya wati 1,500 inavuta ampea 12.5 peke yake, plagi itakuwa ya moto hata kuishika.

Fundi

---

Ndugu zangu, nimerudi. Mkaguzi alikuja asubuhi na futi yake, akapima kutoka soketi hadi soketi, akazunguka kona, ikasoma 11 na nusu. Kasaini. Kile kifuniko cheupe kimebaki juu ya hita na binti yangu keshakibandika stika ya kipepeo.

---

Hongera dada. Kipepeo kikibanduka kikaangukia ndani, zima hita kwanza ndipo ukitoe.

Fundi