Tupeane uzoefu: safari yako ya kwanza ya masafa marefu kwa baiskeli ukiwa na mzazi, ni nani aliyeamua mwendo?

Mwanzilishi wa uzi

Wenzangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo moja mahususi. Safari za pamoja za baiskeli zinazoanzia Nairobi, zenye njia iliyopangwa, vituo vya maji na gari la kufuata nyuma, sasa zimezoeleka kiasi kwamba mtu anayetoka nyumbani Jumapili alfajiri hashangai kukuta kundi zima la waendeshaji likielekea Kiserian au Limuru. Wanaonivutia zaidi ni wale wanaokwenda na baba au mama. Ninauliza hivi: mara ya kwanza mlipomaliza safari ya namna hiyo pamoja, ni nani aliyepanga mwendo, na ni nani aliyekuwa na kauli ya kusema "tupumzike"? Kwetu sisi, kumwambia mzazi kwamba amechoka si jambo la kutamka ovyo, na ndiyo maana nauliza.

Nitangulize ninachokiamini. Safari hizi si mashindano. Katika utaratibu unaosimamiwa na Audax Club Parisien ya Ufaransa, safari ya kilomita 200 hupewa muda wa saa 13 na dakika 30, na hakuna anayetangazwa mshindi. Anayefika ndani ya muda huo amefaulu sawa na wenzake wote. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo wa kama kilomita 15 kwa saa, ukijumlisha muda wa kula, kujisaidia na kuziba pancha. Mzee mwenye afya aliyezoea baiskeli anaumudu. Kinachomchosha ni kijana aliye ubavuni mwake anayetaka kilomita 25. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mzazi ndiye apange mwendo, na mtoto afuate.

Mkazi wa Rongai

Mimi na baba tulikwenda Magadi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini. Ujanani baba alikuwa akipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kule Githunguri, mitungi imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, na baiskeli yake ilikuwa Black Mamba. Nilipomwambia kwamba ningeweza kumwazimia baiskeli nyepesi yenye gia, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza kama hiyo ya kuazima ingejua uzito wake. Akaja na Black Mamba yake, isiyo na gia, yenye breki za vyuma, na ule mpira wa tyubu umefunga galoni ya maji nyuma.

Mlima wa kutoka Kiserian hadi Kona Baridi ndio uliotupa jibu la swali lako. Vijana wengi walisimama kwenye pedeli na kuupanda kwa nguvu zao zote. Baba aliendesha hadi pale mguu ulipoanza kulazimisha, akashuka, akasukuma kwa hatua zilezile za mtu anayekwenda sokoni, bila kuhema. Mimi niliyekuwa na gia nilijikuta nikizunguka barabarani kushoto na kulia ili nisimpite. Tulipofika juu, baadhi ya waliotupita walikuwa wamejilaza kando ya lami, naye akapanda baiskeli akaendelea.

Kwenye mteremko nilijifunza jambo ambalo sikufundishwa na mtu yeyote mwenye baiskeli ya bei kubwa. Baba hakushika breki mfululizo. Alibana akaachia, akabana akaachia, akianza na ya nyuma, na kila tulipofika mahali tambarare aligusa rimu kwa ncha ya kidole kupima joto. Alinieleza kwamba mpira wa breki ukishapata moto unateleza, na kwamba siku hizo za maziwa waliojeruhiwa wengi walikuwa wale walioshika breki tangu juu hadi chini.

Baada ya Olepolos joto lilibadilika kabisa. Ziwa Magadi liko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya kilomita moja chini ya Nairobi, na tofauti hiyo mtu huihisi usoni kadiri anavyoshuka. Baba alikuwa na nduma za kuchemsha na maji yaliyotiwa chumvi kidogo na sukari, akanywa funda mojamoja hata pale aliposema hana kiu. Karibu na Olorgesailie, penye zile shoka za mawe za kale, upepo ulitukabili. Hapo ndipo nilipopata kazi. Nilimwuliza, "Baba, nikae mbele nikukingie upepo?" Akajibu, "Kaa, lakini usinivute." Nilitembeza macho kati ya barabara na kivuli chake, nikihakikisha kwamba kivuli hakirudi nyuma sana.

Dereva wa gari la kufuata alitusogelea na kumwomba kwa heshima apande. Baba alimshukuru, akamwambia kwamba gari hilo ni la walioumia. Tulifika tukiwa miongoni mwa wa mwisho, chakula kimepoa, na waandalizi walikuwa wameanza kupakia baiskeli kwenye lori la kurudi, kwa kuwa hakuna aliyetazamiwa kuupanda ule mlima siku hiyohiyo. Kwa hiyo nakubaliana nawe: mwendo ulikuwa wake.

Binti wa Uthiru

Naomba kutofautiana nanyi kidogo, kwa adabu. Si kila mzazi amewahi kubeba maziwa. Mama yangu alijifunza baiskeli akiwa mtu mzima, katika njia za Msitu wa Karura, na angeachiwa kupanga mwendo angekwenda kwa kasi mno, kwa sababu hakutaka kuonekana kuwa ndiye anayewachelewesha wengine. Wazazi wengine huona haya, na haya hiyo huwasukuma kuliko kijana yeyote.

Tulizunguka kupitia Rongai, Kiserian na Isinya, kisha tukarudi kwa Kitengela na Athi River. Kabla ya kujiandikisha tulikwenda kliniki, kwa kuwa mama anatumia dawa ya presha ya aina inayoongeza mkojo, na mtu anayetumia dawa kama hiyo hupoteza maji na chumvi upesi akiwa juani. Daktari ndiye aliyempa masharti: asibadilishe dawa kwa hiari yake, na asimame mara tu akihisi kizunguzungu. Tangu hapo sikuhitaji kumwambia mama lolote. Kila kituo cha maji nilisema tu, "Mama, daktari alisemaje?" naye akakaa kitako na kunywa.

Kuhusu mavazi, mama alikataa katakata kaptura za kubana zinazovaliwa na waendeshaji. Alivaa suruali ya mazoezi na sketi juu yake, na ili sketi isiliwe na mnyororo aliikunja upande wa kulia akaibana kwa pini mbili kubwa za nepi. Kati ya Kiserian na Isinya, ambako barabara imenyooka na magari ni machache kuliko Rongai, aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu akiweza kuzungumza bila kukatika pumzi basi mwendo wake unamfaa. Kwangu wimbo ulitosha. Ubeti ukikatika katikati, nilipunguza kasi mimi, naye akapunguza bila kuambiwa.

Fundi wa Kawangware

Nitasema machache ya kifundi. Wazazi wengi wanaoniletea baiskeli kabla ya safari hizi wamekalia kiti cha chini mno, kwa sababu wanapenda nyayo zote mbili zifike ardhini. Kwa safari ya kwenda dukani haina neno. Kwa kilomita mia moja, magoti yataumia. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti linatakiwa kubaki limekunjika kidogo tu. Mpandishie kiti polepole, wiki kadhaa kabla ya safari, ili azoee kushuka. Angalia pia tairi za baiskeli iliyokaa stoo: mpira hupasuka nyufa pembeni hata kama meno yake yako mazima.

Baba wa Banana

Nimesoma yote haya nikitabasamu, kwa kuwa mimi ndiye mzazi mnayemjadili. Binti yangu ana umri wa miaka kumi na minne na tulikwenda Limuru kwa njia ya Red Hill, tukapita mashamba ya chai ya Tigoni, kisha tukarudi. Ni safari fupi kuliko za wenzangu waliotangulia, ila ni ya kupanda, na kule juu ukungu na baridi vilitukuta tukiwa tumelowa jasho.

Binti huyu anajua habari zote za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu na kushinda Tour de France mara nne, na kila mlima kwake ni mahali pa kujipima. Mwanzoni alinisubiri kila kilele. Nilimkuta amesimama, mguu mmoja chini, akitazama kando ili nisidhani ananitazama. Niwaambieni ukweli ambao watoto wenu wazima hawaujui: kusubiriwa namna hiyo kunachosha kuliko mlima wenyewe. Unalazimika kufika ukitabasamu, na pumzi ya kutabasamia huna. Pia yeye alikuwa anapoa mwili kwenye baridi kwa ajili yangu.

Tuliafikiana upya hapohapo. Aende mwendo wake, mradi asikivuke kituo cha maji kabla sijafika, na asiache macho ya waandalizi waliovaa vizibao vya kung'aa. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alifurahi. Msinibebe kama yai, na msinigeuze kuwa kamanda pia. Kupanga mwendo kwa niaba ya mtu mwingine, awe mzee au mtoto, ni mzigo.

Mwanzilishi wa uzi

Nimewasikia, na Baba wa Banana ameniyumbisha. Labda cha kuafikiana ni mahali pa kukutana, mwendo ukabaki wa kila mtu. Hata hivyo bado sijaona jinsi hilo linavyowezekana penye malori. Kuna yeyote aliyekwenda Naivasha na mzazi kwa barabara ya chini, akashuka ule mteremko wa Mai Mahiu?

Mwenyeji wa Kikuyu

Sisi tulikwenda, lakini mteremko wenyewe hatukuushuka kwa baiskeli. Waandalizi wetu, na naona walitumia busara, walitupakia sote kwenye lori na kutupitisha penye kona zote zile, kwa sababu pale barabara ni nyembamba na malori yanayoshuka hayana nafasi ya kukukwepa. Mama yangu alipinga sana. Alikubali kupanda kwa sharti kwamba tusimame kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, na waandalizi, ambao kufikia hapo walikuwa wameshamwogopa, wakasimama.

Tulianza upya kuendesha Mai Mahiu mjini. Kutoka hapo hadi Naivasha, Longonot ukiwa upande wa kushoto, tulikwenda kwa mpango kama huo wa Baba wa Banana: kila mtu mwendo wake, tukutane penye maji. Upepo ulituandama njia nzima, na kila kituo mama aliwauliza waandalizi kwa upole ni kwa nini walimnyima mteremko wa bure, kisha wakamwachia upepo wote huu auendeshe mwenyewe.