Tupeane uzoefu: kugombea ushauri wa komine (sehemu ya mji yenye baraza lake) pale ulipokulia (Lubumbashi, Kongo)

Mwana Katuba
Jambo yenu wote. Kila mzunguko wa uchaguzi tunawasikia vijana wa kartie (mtaa): "Mimi mtoto wa huku, kila mtu ananijua, nitapita tu." Tarehe 20 Desemba 2023 wananchi waliwachagua washauri wa komine moja kwa moja kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, tena katika komine za Kinshasa na za miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwetu zilikuwa zote 7: Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi, Kamalondo na Annexe. Naomba wanaoijua kazi hii kwa undani waandike: dosye (karatasi za kugombea), orodha za wagombea, mashahidi (mawakala wa mgombea vituoni), na kazi yenyewe ukishapita. Habari za nani alimsaliti nani zimetutosha.

Dosye Kamili
Naanza na jina, maana hapo ndipo dosye nyingi zinakwama. Kadi ya mpiga kura imeandika Mwamba, diploma imeandika Muamba, na posinomu (jina la nyongeza) na prenomu (jina la kwanza) zimebadilishana nafasi. Kwako ni mtu yuleyule. Kwa anayepokea karatasi ni watu wawili. Weka kadi, cheti cha kuzaliwa na diploma mezani, soma herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti anza kuihangaikia miezi kabla. Ukingoja wiki ya kupeleka dosye utakuta mstari mrefu komine na karani hana muda na wewe.

Fonksionero (mtumishi wa serikali) lazima aonyeshe, kufikia siku ya mwisho ya kupokea dosye, kwamba ameomba ruhusa ya kuachia kazi yake kwa muda (mise en disponibilité). Barua iwe na muhuri wa kupokelewa. Barua uliyoiandika ikabaki kwenye droo ya mkuu wako haihesabiki. Askari, polisi na mahakimu hawagombei wakiwa kazini.

Makuta (pesa) ya dhamana yanaingia kwenye akaunti ya Hazina ya Serikali na hayarudi. Tunza bordero (risiti) ya benki, toa kopi kadhaa siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa zile karatasi hufifia. Usimkabidhi mtu wa chama makuta mkononi akulipie. Nenda mwenyewe.

Kitu ambacho wengi hawakijui: sheria iliyorekebishwa tarehe 29 Juni 2022 inaisamehe dhamana orodha yenye wanawake angalau nusu. Viongozi wa vyama wanakijua vizuri, ndiyo maana wiki ya mwisho utawaona wanazunguka wakitafuta majina ya akina mama. Mama ukifuatwa hivyo, uliza kwanza: kampeni yangu inabebwa na nani? Mashahidi wangu ni nani? Wakianza kukohoa, umeshaelewa.

Hesabu za Kamalondo
Hapa ndipo "kila mtu ananijua" inapovunjika. Kura hazihesabiwi kwa mtu kwanza, zinahesabiwa kwa orodha. Tena kwa uchaguzi wa komine kuna kizingiti cha 10%: orodha isiyofikisha asilimia 10 ya kura halali haigawiwi kiti hata kimoja. Kwa wabunge wa kitaifa kizingiti ni 1%, wa jimbo 3%. Sisi wa chini ndio tumewekewa ukuta mrefu kuliko wote.

Chukua mfano wa kubuni. Viti 9, kura halali 36,000, kwa hiyo kizingiti ni 3,600. Orodha A ina 12,000, B ina 9,500, C ina 5,200, D ina 3,400. Zilizobaki 5,900 zimetawanyika kwa orodha ndogo na wagombea huru, hakuna aliyefika 3,600. D na hao wadogo wanatoka. Zinabaki kura 26,700. Gawanya kwa 9 upate 2,966 na ushei. A inachukua viti 4, B viti 3, C kiti 1. Kimebaki kimoja, nacho kinakwenda kwa mwenye salio kubwa: A imebakiwa na kura kama 133, B 600, C zaidi ya 2,200. Basi C inapata cha pili.

Sasa tazama ndani ya orodha. Viti wanapewa wenye kura nyingi za binafsi. Ndani ya D kuna mtu aliyepata 2,900 peke yake: anarudi nyumbani. Ndani ya C wa pili anaweza kuwa na 700: anaingia barazani. Hakuna wizi hapo, ni hesabu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini na chama, omba majina ya wenzako wote wa orodha na ujiulize kila mmoja ataleta kura ngapi. Orodha yenye mtu mmoja maarufu na wengine wa kujaza ni hatari kwa huyo maarufu mwenyewe. Mgombea huru naye ni orodha ya mtu mmoja: 10% anaitafuta peke yake.

Mama wa Ruashi
Naongeza la wapiga kura. Waliokulia na wewe wako wapi leo? Kura ya komine inapigwa na aliyeandikishwa katika komine hiyo. Rafiki aliyeolewa Kampemba, kaka aliyejenga Annexe, watakushangilia na hawatakupigia. Uandikishaji ndio kampeni ya kwanza: ukifunguliwa, pita avenue kwa avenue, angalia kadi zinataja kituo gani, aliyehama akabadilishe mapema. Fanya daftari la majina kwa kila avenue. Ukikuta majina 400 ya uhakika pale ulipodhani una 2,000, afadhali ulijue mapema.

Kijana wa Kenya
Na siku za kampeni ni ngapi?

Mama wa Ruashi
Kwa washauri ni siku 15. Mwaka 2023 ilikuwa 4 hadi 18 Desemba, mvua kila alasiri. Mikutano ifanye asubuhi. Makuta usiyamalize kwenye vitenge na tisheti. Wafundishe watu namba yako na sura yako kwenye mashine, maana mpiga kura anaanza na rais, wabunge wa kitaifa, wa jimbo, na akifika kwa washauri amechoka na mstari nje unapiga kelele.

PV Mkononi
Uchovu huohuo unawapata mashahidi. Kuhesabu nako kunaanza na rais, fishi (karatasi ya hesabu ya kura) ya washauri inajazwa mwisho, usiku sana, umeme umekatika. Shahidi wako aliyekunywa chai tu saa kumi na moja asubuhi ameshaondoka. Mwaka 2023 kuna biro (vyumba vya kupigia kura) zilizopiga kura hadi kesho yake, kwa hiyo panga chakula cha siku mbili: bukari (ugali) au mkate, maji, tochi, pawabanki iliyojaa. Kila biro shahidi mmoja, kila kituo mtu wa kuzunguka na kubadilishana nao. Wapate kibali cha CENI (tume ya uchaguzi) mapema. Mlipe nusu kabla na nusu akileta picha.

Picha ipigwe hivi: karatasi yote ionekane, namba ya biro juu, saini chini, kisha picha ya pili ya karibu kwenye tarakimu. Picha iliyokata namba ya biro haina kazi mbele ya jaji. Shahidi asisaini karatasi tupu "ili tuharakishe". Asiyekubali matokeo aandike sababu kwenye PV (karatasi rasmi ya matokeo) palepale, kwa sababu siku za kupeleka shauri ni chache.

Msicheze na njia za mkato pia. Januari 2024 CENI iliwafuta wagombea 82 kwa mambo kama udanganyifu na kukutwa na mashine za kupigia kura. Washauri walikuwemo.

Mzee wa Baraza
Mkishapita, jueni mnachokiingia. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inalikabidhi baraza la komine bajeti, barabara ndogo, masoko ya komine, parking, taa, usafi, mifereji. Baraza ndilo linalomchagua bourgmestre (mkuu wa komine) na msaidizi wake. Halimteui shefu wa kartie, wala haliiamuru SNEL (umeme) au REGIDESO (maji). Anayeahidi transfoma kwenye kampeni anaahidi kitu cha mwingine.

Kijana wa Kenya
Makuta yanatoka wapi sasa, mzee?

Mzee wa Baraza
Kwa sheria hiyohiyo, miji, komine, na za vijijini yaani sekta na sheferi, hupata 40% ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa jimbo. Kwenye karatasi. Penye mgodi, sheria ya madini ya mwaka 2018 inaipa 15% ya redevansi (malipo ya kampuni kwa madini inayouza) mamlaka ya eneo la mgodi. Mshauri mpya wa Ruashi au Annexe aanze na hiyo: aombe kwa barua noti za malipo za kila robo mwaka na taarifa ya akaunti ya komine, azilinganishe mstari kwa mstari. Kamalondo na Kenya hakuna mgodi, huko mtaishi kwa ushuru wa soko, basi anzeni na vitabu vya risiti za wakusanyaji: namba ya kwanza, namba ya mwisho, na zile zilizorukwa katikati.