Naombeni ushauri: mkanda wa kidevu kwa farasi mwenye ngozi nyepesi

Kigwe Kirefu (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Nina farasi jike, miaka minne, mpole ajabu ila ngozi yake ni nyepesi mno. Inzi akitua tu, mwili mzima unatetemeka. Shida yangu ni mkanda wa kidevu. Nikishamvika hatamu anaanza kurusha kichwa, nikivuta vigwe kidogo anaachama na kurudi kinyumenyume. Nilianza na mnyororo, nikahamia nailoni, hali ni ile ile. Sasa nachagua kati ya ngozi laini na ule uliovalishwa manyoya ya kondoo. Upi unamfaa? Tafadhali nijibuni kuhusu mkanda tu, mengine nayamudu.

Mzee wa Zizi
"Mengine nayamudu." Haya.

Nailoni Sitaki
Ngozi, mkuu. Iwe pana, kama sentimita mbili hivi, na kingo zisiwe kali. Ikiwa mpya inakuwa ngumu, kwa hiyo ipake mafuta uikunjekunje mpaka ilegee ndipo umvike. Nailoni inafulika vizuri lakini kingo zake zinakwangua. Manyoya nayo yanadanganya: siku za kwanza raha, baadaye yanalowa jasho, yanashikana na vumbi, yanageuka msasa. Usipoyafua kila mara unamchubua mwenyewe. Mimi wangu anaogopa hata kofia. Kuna siku tulikuwa tunavuka mto, upepo ukaja...

Siti ya Mbele
Nimeshaketi. Maliza ya mto kwanza.

Bi Hatamu
Mleta mada, lijamu yako, kile chuma cha kinywani, ni ya aina gani?

Kigwe Kirefu
Ya kawaida tu dada. Ninauliza mkanda.

Bi Hatamu
Kawaida ipi? Lijamu ya pete tupu haina kazi na mkanda huo. Mkanda unabana kidevu pale tu lijamu ikiwa na mikono, yaani vyuma vya pembeni vinavyopanda na kushuka kutoka kinywani, vigwe vikifungwa chini. Mikono hiyo ina urefu gani?

Nailoni Sitaki
...basi kofia ikaruka, farasi akaniacha nimekaa majini, yeye kafika nyumbani saa nzima kabla yangu. Tandiko kavu kabisa.

Kigwe Kirefu
Sawa, ina mikono. Juu ya kinywa sentimita 5, chini 15. Nilimvika mwezi uliopita baada ya kutoka mbio na mimi mgongoni, nikaponea chupuchupu. Wanaosema mikono mirefu ni ukatili, wengi hawajawahi kuchukuliwa mbio na farasi. Na mkono wangu ni mwepesi, vidole viwili vinapita chini ya mkanda bila shida.

Bi Hatamu
Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Chini 15, juu 5: ukivuta vigwe kwa nguvu ya kilo moja, mkanda unavutwa kwa karibu kilo tatu. Na pale kwenye bonde la kidevu hakuna nyama. Ni ngozi, kisha mfupa, na mfupa wenyewe mwembamba. Hata umfunge hariri ataisikia.
Vidole viwili ni pa kuanzia tu. Simama pembeni yake, vuta vigwe polepole, tazama mikono ya lijamu. Mkanda unatakiwa ukaze mikono ikisharudi nyuma kama nyuzi 45. Ikikaza mapema, haumpi nafasi ya kutii kabla ya kuumia. Ukilegea sana, lijamu inajizungusha mno kinywani na mkanda unakuja kumbana kwa ghafla. Na ule mnyororo wako wa zamani, uliuzungusha mpaka pete zikalala bapa kabla ya kuufunga? Ukiwa umejisokota, hata farasi mvumilivu atarusha kichwa.

Tabibu wa Ng'ombe
Jina langu mnaliona, lakini na farasi pia nawatibu. Miaka minne? Kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu bado anang'oa meno ya utoto. Wengine wana kijino kidogo mbele ya magego, lijamu inakigonga kila ukivuta. Meno yamekaguliwa? Na papasa chini ya taya, kuna uvimbe au manyoya yaliyonyonyoka?

Roho Safi
Jamani mnyama hana sauti. Vueni hivyo vyuma, mpandeni bila lijamu kabisa. Mungu anawaona.

Mzee wa Zizi
Roho Safi, hatamu nyingi za kubana pua zisizo na lijamu nazo zina mikono na mkanda wa kidevu. Utakuwa umehamisha kesi tu.

Kigwe Kirefu
Meno hayana shida, anakula vizuri. Kuna mchubuko kidogo, si wa kutisha. Hatamu yenyewe ni imara, imevaliwa miaka mingi bila kulalamikiwa hata siku moja. Mkanda wa manyoya nimeshauagiza, uko njiani. Nilitaka tu kujua kama nimechagua vizuri.

Msoma Mistari
Wakuu, mnatoa darasa bure, hii ni chai. Mtu kasema farasi ana miaka minne, lijamu kamvika mwezi uliopita. Sasa hivi hatamu imevaliwa miaka mingi bila kulalamikiwa. Na nani, wakati alikuwa bado ananyonya? Huyu hana farasi, ana bando.

Siti ya Mbele
Sukari iongezwe.

Nailoni Sitaki
Nami nimemaliza hadithi yangu ya kweli kwa mtu wa kubuni!

Kigwe Kirefu
Acheni dharau. Farasi ninaye. Hatamu ni ya farasi wa shemeji, dume lililohasiwa, kubwa. Shemeji amesafiri, nikaiazima.

Mzee wa Zizi
Umeiazima kwa nani, kama mwenyewe amesafiri?

Bi Hatamu
Tuache ya shemeji kwanza. Hatamu ya dume kubwa kwenye kichwa cha jike mdogo! Pima lijamu sasa hivi. Kila upande inatakiwa izidi pembe ya mdomo kwa kama nusu sentimita tu. Ikizidi sana inateleza huku na huku, na mkanda unahama bondeni, unasugua mfupa upande mmoja. Mchubuko uko katikati au pembeni?

Kigwe Kirefu
Pembeni, kushoto. Nimepima, imezidi kidole kizima. Lakini si nitoboe matundu mengine, nikaze?

Tabibu wa Ng'ombe
Matundu hayapunguzi upana wa chuma. Usimpande mpaka pakauke na manyoya yaanze kurudi, na umwite mtu amfungue kinywa.

Bi Hatamu
Pakipona, mrudishie lijamu ya pete aliyokuwa nayo, mfundishe kusimama upya mkiwa sehemu iliyozungushiwa ua. Na usitoboe kitu. Si mali yako.

Kigwe Kirefu
Nimewasikia. Ila huo wa manyoya ukifika, nimvike upande wa nywele ndani au nje?

Mzee wa Zizi
Shemeji anarudi lini?

Kigwe Kirefu
Jumamosi.