Naomba ushauri: mwalimu mkuu kaondoka, nimhamishe mtoto?

Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko darasa la tatu, shule moja ya binafsi huku Tabata, Dar. Tulimpeleka pale kwa ajili ya mwalimu mkuu wa zamani. Yule mama saa moja kasoro yuko getini, anawaita watoto kwa majina. Usiposaini daftari la kazi za nyumbani, anakupigia mwenyewe. Sifa ya shule ilikuwa yeye.

Januari kaondoka, walimu watatu wakamfuata. Sasa daftari la hesabu lina wiki mbili halijasahihishwa. Juzi nimekuta mtoto kajiwekea alama za vyema mwenyewe kwa kalamu nyekundu! Nikiuliza, naoneshwa bango la matokeo ya mitihani ya taifa (NECTA). Lakini yale si ya walimu walioshaondoka?

Mwakani ana mtihani wa taifa wa darasa la nne. Baba yake anasema tumpe mkuu mpya muda, na ada tumeshalipa (hapo ndipo penyewe). Shule ya serikali ya jirani walimu wanasifiwa, ila kule ni Kiswahili, huyu kazoea kusoma kwa Kiingereza.

Mliowahi kuhamisha kipindi kama hiki, ilikuwaje? Na ukienda kukagua shule, kwa walimu unaangalia nini?