Majirani wa Mwaloni, Mwanza

Mwenyekiti: Habari za asubuhi majirani, wazee shikamooni. Jumamosi saa 1 tunatoa gugumaji mwaloni. Kila nyumba itoe mtu mmoja, aje na reki au panga.

Baba Neema: Afadhali! Jana narudi na dagaa alfajiri, mizizi ikajisokota kwenye pangaboi. Nikazima mashine, nikaingia majini kukata kwa kisu. Kufika nchi kavu, wachuuzi wameshaondoka.

Mzee wa Kamongo: Pole mwanangu. Lakini mkilimaliza lote nami nitakula nini? Kamongo na kambale wanajificha humo chini, ndoano zangu nategea pembeni mwake. Niachieni upande wa mawe.

Mama Rehema: Shikamoo mzee. Upande wa mawe ndiko watoto wanakochota maji. Juzi nimenyanyua gugu moja, mizizi myeusi tii, imeng'ang'aniwa na konokono wadogo wadogo. Wanangu wawili wametibiwa kichocho mwaka huu. Hapo sikubali.

Mzee wa Kamongo: Marahaba. Kwa watoto sina neno. Basi kule kwenye matete.

Juma: Kwa nini wasipulizie dawa tu yakaisha?

Mama Lishe: Dawa gani tena Juma! Maji haya haya ndiyo tunapikia.

Mwalimu: Tena likifia majini linazama, linaoza, samaki wanakosa hewa. Hata kulikata na kuliacha linaelea ni vilevile. Miaka ya 1990 waliletwa wadudu wadogo, mbawakavu, wanaokula majani yake, wakamwagwa ziwani, na kweli ziwa lilifunguka. Lakini mbegu zinalala kwenye tope hata miaka 20, na chakula tunalipelekea wenyewe: maji machafu yanayoshuka na Mto Mirongo, mbolea za mashambani. Likishiba, wiki mbili tu limeshakuwa maradufu. Kwa hiyo naomba tulipandishe juu kabisa. Mwaka jana tulilirundika pale pale ufukweni, mvua ikalirudisha lote.

Bibi Vikapu: Mashina marefu msiyakatekate jamani! Nikiyaanika yakawa ya kahawia nasuka vikapu. Wekeni ukutani kwangu.

Mwenyekiti: Sawa. Tunasafisha njia ya mitumbwi na pa kuchotea maji. Matete tuyaache kwanza.

Baba Neema: Mwenyekiti, upepo ukigeuka hilo la kwenye matete linarudi hapa hapa.

Mwenyekiti: Najua. Tutakaa na mzee Jumamosi hiyo hiyo, tukiwa tunaliona.

Baba Neema: Haya. Mkokoteni naleta, ila tairi moja halina upepo. Mwenye pampu aje nayo.